Wacheza softiboli wa zamani mbona walivaa vigauni?

MamaBinti_Ohio:
Habari zenu wakuu. Binti yangu wa miaka 14 kaingia timu ya softiboli ya shule huku Ohio, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli, wiki iliyopita kaletewa jezi, suruali nyeupe ya mkanda inabana kwenye magoti, soksi ndefu na fulana ya namba. Nikampiga picha nikamrushia bibi yake Tanga, bibi akapiga simu hapo hapo, "mwanangu huo mchezo wa kike au wa kiume?" Nikasema ngoja nitafute, katika kutafuta nikakutana na picha za miaka ya 1940, wasichana wa Marekani wako uwanjani na vigauni vifupi, mmoja anaserereka kwenye vumbi mapaja wazi kabisa, nikaumia mimi niliyekuwa naangalia tu. Naomba anayejua anieleze, nani aliwavalisha vile?

Kassim_wa_Viwanjani:
Dada hapo umekutana na ligi ya Philip Wrigley, yule tajiri wa chingamu aliyekuwa pia mwenye timu ya besiboli ya Chicago Cubs. Mwaka 1943 wanaume wanachukuliwa vitani, akahofia viwanja vitabaki vitupu, ndo akaanzisha ligi ya wanawake. Wengi wanaijua kama ya besiboli ila mwanzo kabisa ilikuwa na jina la softiboli, na mpira wenyewe ulikuwa ule mkubwa wa mzunguko wa inchi 12 unarushwa mkono ukitokea chini. Wachezaji aliwatoa humo humo kwenye timu za softiboli za Marekani na Kanada, watu walishazoea bukta na suruali zao, zingine za satini zinang'aa usiku chini ya taa. Yeye hakutaka hayo. Alitaka mtu akikaa jukwaani aone msichana kwanza, mchezo baadaye.

Gauni lilibuniwa na mke wake, na Otis Shepard aliyekuwa anamchorea matangazo ya chingamu, pamoja na mchezaji mmoja Ann Harnett, wakaangalizia nguo za wanaoteleza kwenye barafu na za tenisi na mpira wa magongo. Ni kipande kimoja, vifungo vimepelekwa upande mmoja ili kifuani pakae nembo ya mji, sketi imemwagika, ndani bukta ya satini, soksi mpaka gotini. Sheria ilisema sketi isipande zaidi ya inchi 6 juu ya goti. Mazoezi yakiisha wanafundishwa urembo na watu wa saluni ya Helena Rubinstein, jinsi ya kukaa, jinsi ya kupaka lipstiki, na mtaani kuonekana na suruali ni marufuku. Mshahara ulikuwa dola 45 hadi 85 kwa wiki, hela ya maana sana kipindi kile, kwa hiyo wakalivaa.

Namba7_Minneapolis:
Mimi nacheza ligi ya jioni huku, hapo kwenye kuserereka naomba niongeze maana watu wanapita haraka. Ukijitupa kwenye besi, kile kituo unachokimbilia uwanjani, paja ndo linatangulia, udongo wa uwanja una changarawe, ngozi inatoka kama umeparuzwa na msasa na kesho yake unacheza tena juu ya kidonda kile kile. Wale dada walikiita stroberi, kwa ule wekundu wake. Sasa mfikirieni Sophie Kurys wa Racine Belles, mwaka 1946 aliiba besi 201 kwa msimu mmoja, yaani alikimbilia besi inayofuata bila kusubiri mwenzake apige mpira. 201! Hata tuseme aliserereka nusu yake tu, na kigauni kile, mimi suruali ninayo na taiti ndani na bado narudi nyumbani nachechemea. Na warushaji nao walipata shida yao, mkono ukitokea chini unanasa kwenye ile sketi iliyomwagika, ikabidi waibane kwa pini.

Fundi_Cherehani:
Mmeeleza vizuri ila dada asije akaenda kumwambia bibi kwamba suruali ni jambo la juzi. Kuanzia miaka ya 1890 zilikuwepo timu za Bloomer Girls zinazunguka Marekani kucheza besiboli, na hilo jina limetokana na zile suruali pana walizovaa. Kwa hiyo gauni la 1943 lilikuja kuwavua watu kitu walichokuwa nacho, na mimi kama mshonaji linanikera, unashonaje nguo ya kazi bila kumuuliza mwili unafanya kazi gani?

Ile ligi ilikufa 1954, gauni likafa nayo. Softiboli yenyewe ikaendelea na timu za viwanda, mfano Raybestos Brakettes wa Connecticut walioanza 1947, Raybestos walikuwa watengeneza breki. Kwa mashule kilichobadilisha mambo ni sheria ya Title IX ya 1972, shule inayopokea hela ya serikali kuu haitakiwi kuwabagua wasichana, na vifaa na jezi vimo humo. Kabla ya hapo timu nyingi za wasichana zilichangishana zenyewe. Hiyo suruali ya binti yako dada ina watu nyuma yake.

MamaBinti_Ohio:
Asanteni sana jamani, nimemsomea binti yote jikoni nikipika. Akauliza yule wa besi 201 yuko hai, nikaangalia nikamwambia alifariki 2013. Akanyamaza, baadaye nimekuta kaandika 201 kwa kalamu ndani ya kofia yake. Bibi naye nimemweleza habari za stroberi, kasema basi mtoto avae suruali yake, ila anaomba fulana iwe ndefu kidogo.