Naomba ushauri: mipini ya PPSU inapasuka baada ya otoklevu

Habari wakuu, hasa mafundi wa vifaa tiba na wakereza plastiki.

Nakereza mipini ya vifaa vya upasuaji vinavyotumika tena na tena, kutoka nondo za PPSU (plastiki ngumu inayostahimili joto) zenye kipenyo cha milimita 30. Katikati kuna tundu la milimita 8 la mhimili wa chuma cha pua, unaoingia kwa kubana bila gundi. Mpini ukitoka mashineni hauna alama hata moja. Ukishapita otoklevu ya mvuke (mashine ya kuua vijidudu), nyuzi 134, mara kumi na kitu, nyufa nyembamba kama unywele zinaanzia mdomo wa tundu na kufuata urefu wa mpini.

Nimebadilisha biti, sasa ni kabaidi mpya. Natoboa kwa kudonoa: milimita 3, natoa, nasafisha. Mafuta ya kukatia nimeacha kabisa, maana plastiki hii ikiwa na mkazo ndani kisha ikaguswa na kemikali hupasuka. Napooza kwa upepo tu. Nyufa zimechelewa, hazijaisha. Kupasha nondo joto ili kuondoa mkazo bado sijafanya.

Nashuku pia ule ubanaji (mhimili ni mnene kuliko tundu kwa 0.05 mm). PPSU hutanuka karibu mara tatu ya chuma, kwa hiyo kwenye joto inalegea, ikipoa inakaba upya.

Maswali mawili:
Nipashe joto kabla ya kutoboa au baada, nyuzi ngapi, na nipoze kwa kasi gani?
Niache kubana nitumie pini ya kupita (inayopenya mpini na mhimili kwa upande), au nihamie PEEK tu (plastiki nyingine imara), licha ya bei yake kubwa?