Banda la wafuga nyuki Sabasaba: ubunifu wa usanifu uanzie wapi?

MsanifuChipukizi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Chama cha ushirika cha wafuga nyuki kutoka Tabora kimenipa kazi ya kusanifu banda lake la maonyesho ya Sabasaba, katika eneo la mita 12 kwa 9, na ingawa kazi ni ndogo imeninyima usingizi, kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza kubuni jengo litakalosimama wiki mbili na siku chache tu. Viongozi wa chama walinionyesha kwenye simu picha ya banda la Falme za Kiarabu katika Expo 2020 ya Dubai (Expo ni maonyesho makubwa ya kimataifa), lile alilolibuni msanifu Santiago Calatrava, lenye mbawa 28 zinazofunguka juu ya paa kama kozi anayejiandaa kuruka, wakasema wanataka kitu cha namna hiyo.

Mchoro wangu wa kwanza ni mzinga mkubwa wa gogo wenye urefu wa mita 6, wa bati lililopakwa rangi ya gome, ambao mgeni angeingia kupitia tundu la mbele. Wateja wameupenda. Mimi kila nikiutazama naona bango la tangazo lililotobolewa mlango. Isitoshe, mwaka jana nilipita uwanjani siku chache baada ya maonyesho kufungwa, nikakuta vipande vya plaiwudi vilivyochanika kwenye matundu ya misumari, visivyofaa hata kuwa mlango wa banda la kuku, nami sitaki kuchangia lundo lile.

Naomba mnisaidie kwa mifano halisi: ni kitu gani hasa kilichoyafanya mabanda mashuhuri ya maonyesho yaitwe ya kibunifu, na ni kipi kati ya hivyo kinaweza kufanyika kwa fundi wa hapa na vifaa vya hapa?

Bi_Kipimo

Ndugu msanifu, shaka yako juu ya mzinga wa bati ni ya haki, na bahati nzuri kuna banda lililoshughulikia nyuki walewale. Katika Expo ya Milan mwaka 2015, Uingereza ilijenga banda lililobuniwa na msanii Wolfgang Buttress, ambalo kiini chake ni kimia cha vipande vya alumini kinachopanda hadi mita 17, chenye uwazi wa duara katikati ambamo watu husimama. Ndani yake mliwekwa taa ndogo zilizounganishwa na vihisio ndani ya mzinga halisi ulioko Uingereza, hivyo nyuki wa kule walipochangamka, taa za Milan ziliwaka kwa wingi na sauti ikapanda, na walipotulia, banda nalo likafifia. Mgeni hakuonyeshwa umbo la mzinga; alisimama mahali ambapo hali ya mzinga ilimfikia mwilini.

Jambo la pili ndilo ningependa ulitafakari zaidi. Banda lile lilipofunguliwa vipande lilisafirishwa hadi bustani za Kew, London, likasimamishwa tena mwaka 2016. Hilo liliwezekana kwa sababu limeundwa kwa vipande vingi vidogo vilivyokutanishwa kwa viungio, na kiungio kilichokazwa kwa bolti hufunguka. Msumari na uchomeleaji havifunguki bila kuharibu. Kabla hujachora paa wala ukuta, chora kwa kipimo halisi mahali ambapo vipande viwili vinakutana, kisha ujiulize fundi atakitenganishaje kiungio hicho siku ya mwisho, akiwa amechoka na gari la mizigo linamsubiri.

Mhadhiri_Mstaafu

Naunga mkono, nami naongeza mfano ninaouthamini kuliko yote. Mwaka 2000, katika Expo ya Hannover nchini Ujerumani, Shigeru Ban alisanifu banda la Japani kwa mirija ya karatasi iliyosindikwa upya, yaani ile mirija migumu ya aina tunayoiona madukani ikiwa imezungushiwa vitambaa vya mapazia, ila yake ilikuwa mirefu na minene zaidi. Alishirikiana na Frei Otto, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza miundo myepesi. Mirija ilipangwa ikapishana kama ukindu wa mkeka, ikafungwa kwa utepe kwenye makutano, kisha wavu mzima ukainuliwa taratibu hadi ukajikunja kuwa kuba refu lenye mabonde na vilima. Hata msingi ulifikiriwa: badala ya zege waliweka masanduku yaliyojazwa mchanga, ili maonyesho yakiisha mchanga urudi ulikotoka na karatasi irudi kiwandani. Hakupata kila alichotaka, kwa maana masharti ya usalama wa moto yalimlazimu kuongeza utando wa plastiki juu ya ule wa karatasi, na matao ya mbao nayo yakaongezwa. Nawaeleza wanafunzi wangu hivyo kwa makusudi, maana ubunifu usiopitia kwa mkaguzi haujawa jengo.

Kuna sehemu ya habari hii inayotuhusu kwa karibu. Wakimbizi wa Rwanda walipopewa maturubai na nguzo za alumini na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wengi waliziuza nguzo hizo, kwa kuwa alumini ina thamani, wakarudi kukata miti. Ban alipendekeza nguzo za mirija ya karatasi, ambazo hakuna mtu angezinunua kama chuma chakavu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 yalijengwa mahema 50 ya majaribio katika kambi ya Byumba, nchini Rwanda. Akili ileile, basi, ilifanya kazi Byumba na Hannover. Wafuga nyuki wako wanaishi kwa miti ya miombo. Banda linaloteketeza mbao kwa ajili ya wiki mbili litawasemea vibaya hata kabla hawajafungua chupa ya kwanza ya asali.

Kivuli

Samahani kwa kuingilia wakubwa, lakini sikubaliani kwamba thamani ya banda ipimwe kwa kuhamishika kwake peke yake. Banda la Ujerumani la mwaka 1929 kule Barcelona, kazi ya Mies van der Rohe, lilijengwa kwa marumaru ya kijani, jiwe la thamani liitwalo onikisi, na vioo, likavunjwa mwaka 1930, na bado limewafundisha wasanifu wengi kuliko majengo ya kudumu ya wakati wake. Paa lilibebwa na nguzo nane nyembamba, kwa hiyo kuta hazikuwa na mzigo wa kubeba, na kazi yake ikabaki kumwongoza mgeni: hapa unageuka, hapa unaona maji, hapa unasimama. Kwa miaka zaidi ya 50 lilijulikana kwa picha na michoro tu, hadi lilipojengwa upya palepale na kukamilika mwaka 1986. Ndugu msanifu, usijishughulishe na bolti hadi ukasahau mwendo wa mtu. Mita 12 kwa 9 ni nafasi ya kutosha kumfanya mgeni atoke kwenye kelele za vipaza sauti, apite penye kiza kidogo na harufu ya nta, ndipo aione asali ikiwa imesimamishwa mbele ya mwanga.

Mfano wa karibu na hali yetu ya hewa ni Francis Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso, ambaye mwaka 2017 alijenga banda la jumba la sanaa la Serpentine katika bustani za Kensington, London. Alichukua mti ambao watu wa kijiji hukutana chini yake akaugeuza kuwa paa pana lenye uwazi katikati; mvua ikinyesha, maji hukusanyika na kuporomoka katikati ya banda, huku watu wakiwa wameketi pembeni bila kulowa. Kuta zake za buluu, za vipande vya mbao vya pembetatu, ziliachia hewa ipite. Hakuchonga sanamu ya mti. Alichukua kivuli chake na mkusanyiko wake.

FundiKenchi

Mimi ni fundi wa mapaa, nitasema la kazi. Sabasaba huangukia msimu wa kusi, na paa jepesi halianguki, hunyanyuka. Niliwahi kufunga turubai kwenye kona nne tu katika banda la mteja mmoja, na saa kumi jioni upepo ukalijaza kama tanga, ukang'oa nguzo mbili pamoja na meza ya vipeperushi. Kosa lilikuwa langu. Masanduku ya mchanga aliyoyataja Mhadhiri ni jibu zuri, na kwetu viroba vya mchanga ndani ya kreti za mbao vinatosha, mradi mhandisi apige hesabu ya uzito. Tumia mirunda, uikate yote urefu mmoja, ili kipande kikivunjika njiani chochote kingine kishike nafasi yake.

MsanifuChipukizi

Nawashukuru sana. Mzinga wa bati nimeufuta jana usiku. Sasa nachora wavu wa mirunda unaobeba mizinga ya asili yenyewe, iliyoning'inizwa kwa kamba kama inavyoning'inizwa porini, ili uzito wa mizinga uisaidie fremu kutulia na mgeni apite chini yake. Maonyesho yakiisha, mizinga itarudi Tabora kufanya kazi yake. FundiKenchi, je, kamba ya katani inafaa kwenye makutano?

FundiKenchi

Inafaa kwa makutano ya fremu, lakini katani hubadilika kadiri unyevu wa hewa unavyopanda na kushuka, kwa hiyo weka mtu wa kuikagua kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa. Kwa mizinga inayoning'inia juu ya vichwa vya watu, weka waya wa chuma ndani ya kila kamba. Na uniruhusu nijaribu fundo moja kwa mzigo wa mzinga uliojaa, kabla hujachora mengine.