MREJESHO: Kijana wa besiboli anayetafuta chuo

Wakuu, niliuliza kijana wangu, mrushaji wa sekondari huku Texas, afanyeje makocha wa vyuo wamwone. Shukrani kwenu nyote.

Video ya dakika 12 tumeitupa. Mpya ni dakika 2: mirusho ya kasi inatangulia, kamera nyuma ya mdakaji, spidi imeandikwa pembeni. Barua pepe 30, majibu 4. Si haba!

Palipokwama ni darasani. Divisheni ya Kwanza ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari, na 10 yawe yameisha kabla ya mwaka wa mwisho. Yeye anayo 9, kwa hiyo anasoma kemia likizo hii. Ufadhili bado, ila chuo cha miaka miwili kimemwita majaribio.

Na mkono: akirusha mara 81 au zaidi, anapumzika siku 4. Kiwiko kimetulia.