Naomba ushauri: binti yangu anaonewa shuleni, na mimi mwenyewe bado sijapona

Wakuu, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 38. Nilipokuwa darasa la nne kule Kongwa nilikuwa na kigugumizi. Mwalimu akinisimamisha kusoma, wenzangu wanagonga madawati, ko-ko-ko, kufuatisha ulimi wangu. Mpaka leo kwenye kikao mtu akigongagonga kalamu mezani, jasho linanitoka na nilichotaka kusema nakimeza.

Juzi binti yangu wa darasa la tatu karudi sketi imechanika pindo, madaftari yamelowa. Hataki kumtaja mtu. Nikaenda shuleni, mwalimu akacheka: "Utoto tu huo mzazi, watazoeana." Nilitaka kumjibu, maneno yakagoma. Aibu niliyotoka nayo pale getini, acheni tu.

Namba 116 ya msaada kwa watoto naijua, ila mke wangu anasema nisikuze mambo, tumhamishe. (Mimi nilihamishiwa kwa bibi Mpwapwa, ikasaidia kidogo.) Nianze kwa mwalimu mkuu, kamati ya shule au ustawi wa jamii? Na aliyewahi kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, kuongea na mwanasaikolojia, ilikuwaje? Mtaani kwetu ukitaja Mirembe tu, wanajua umechizika.