Niliacha kuandika shajara, nirudi vipi?

MamaCherehani, Morogoro
Wakuu, habari za jioni. Tangu sekondari nilikuwa naandika shajara kwenye kaunta buku, kila usiku kabla ya kulala. Bibi yangu alipozidiwa nikaacha. Juzi nikipanga kabati nimelikuta daftari la mwisho. Mstari wa mwisho unasema: "Leo bibi kakataa uji, kasema", basi, umeishia hapo. Nadhani niliitwa. Alichosema sikikumbuki, na bibi hayupo tena. Inaniuma sana, ndiyo maana nataka kurudi. Ila nikifunga kibanda jioni, nyumbani ni kupika na kuogesha watoto, nikishika kalamu usingizi umeshanibeba. Kwenye simu ndio kabisa, meseji zikiingia nimeshapotea. Mliorudi, mlianzia wapi?

Karani wa Tanga
Pole sana dada. Mtafute mtu wa kumwandikia. Shaaban Robert, pamoja na ukarani wake wote, alikuwa akimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, na barua hizo leo zinasomwa. Ukijua unayemweleza, maneno hayagomi. Mimi namwandikia binti yangu aliye bweni. Nyingine situmi.

Kalamu ya Likoni
Dadangu, usiku uwache, usiku ni wa kulala. Mimi naandika asubuhi nikingoja feri. Wala usijaribu kujaza miaka uliyoruka, utachoka hata leo hujaifikia. Weka tarehe, kisha neno moja ulilosikia, vile vile lilivyosemwa. Jana muuza viazi karai alimwambia mteja: "Hiyo chenji unayodai ndiyo nauli ya mwanangu." Nikaandika hilo tu, nikafunga daftari.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, fundi hakosi daftari la vipimo mezani. Ligeuze, anzia nyuma. Mbele kifua, kiuno na urefu, nyuma mambo yako. Simu itie kwenye droo. Kuhusu bibi, usibuni alichosema. Uache mstari ulivyo, chini yake uweke tarehe ya leo na unayoyakumbuka kwa hakika: alivyokuwa akikuita, kikombe alichokipenda, nani alikaa naye mchana.

MamaCherehani
Shikamoo mwalimu. Nimeligeuza leo leo, wakati pasi inapata moto. Mteja wa sare za kwaya alikuwa anajaribu gauni, akajitazama kwenye kioo akasema: "Kumbe mabega ya mama ninayo mimi." Nimeandika kabla hajavua. Jamani, raha niliyoipata! Karani, na mimi nitamwandikia mdogo wangu, yuko Muscat kikazi, hajui lolote la huku zaidi ya misiba tunayompigia simu kumwambia.

Karani wa Tanga
Huyo huyo. Anza na huyo mteja wa kwaya.