Natoka Bukavu naenda kuanza kazi Lubumbashi, naomba ushauri

Jambo bandugu na badada ba Lubumbashi. Mi niko wa Bukavu, nimepata kazi ya kontabilite (hesabu ya pesa) uko kwenu upande wa Ruashi, naanza mwezi wa 5, bwana yangu anabaki na batoto mpaka masomo iishe mwezi wa 7. Kinachoniumiza kichwa ni nyumba, juu garanti, ile pesa ya kuachia mwenye nyumba mbele ya kuingia, inaombwa ya miezi mingi na mi sijashika mshahara hata moja. Nitafute Ruashi yenyewe ao Kampemba, mahali maji na umeme inapatikana? Bakomisionere, bale banatafutiaka batu nyumba, nibaamini, ao nikuje kwanza nione kwa macho? Na ile baridi ya asubuhi mwezi wa 6 na wa 7, nibebe blanketi za batoto ao nitanunua uko? Tafadhali munisaidie, batoto bado ni badogo.