Watoto wapo na talaka ipo: nini khasa kinavunja ndoa?

Muuza Urojo: Tuliambiwa mtoto ndiye kifungo cha ndoa. Mbona siku hizi mtu ana wanne, wa mwisho ananyonya, na anarudi kwao na karatasi? Ugumu wa maisha, wakwe, uke wenza?

Baba wa Watano: Pesa za mwani. Mwanamke akishashika noti zake huko Paje, hamsikii tena mume.

Bint Jambiani: Noti gani? Ushawahi kuingia maji ya kiuno ukafunga mbegu kwenye kamba? Cottonii, ule mwani wenye bei, inaoza kwa joto la maji, tumebakiwa na spinosum isiyo na bei. Na hivyo vijisenti ndivyo vinavyolisha wanao wewe ukenda dago, kambi ya kuvua.

Baba wa Watano: Nani kakwambia mie mvuvi?

Bint Jambiani: Basi hata kisingizio cha dago huna.

Mtu wa Wete: 😂 Sie Pemba ndoa zinakaa, bwana.

Kijana wa Darajani: Zinakaa wapi? Karafuu zikizaa mnaongeza mke, zikigoma mnapunguza.

Mtu wa Wete: Nyie mnaoachana kwa meseji ndo mtufunze?

Ustadh Mdogo: Jamani, mada! Kwa Kadhi wengi wanaokwenda kushitaki ni wanawake, na kilio kikubwa ni matunzo. Mume haachi wala hahudumii. Mke anadai faskhi, Kadhi aivunje ndoa, au anajikomboa kwa khului, yaani anamlipa mume ili amwache. Si kila aliyetoka kaachwa.

Baba wa Watano: Si ndo nnavyosema! Wanadai wao.

Bint Jambiani: Hapo pa matunzo umeparuka?

Mama Wawili: Mie nilivumilia kwa ajili ya watoto. Nyumba tumejenga wote, nimesomba mchanga na mimba ya pili tumboni. Siku ya talaka naambiwa kiwanja jina lake, chukua vyombo vyako.

Ustadh Mdogo: Pole, dada. Lakini sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya 2017, namba 9 kama sikosei, inamruhusu Kadhi kugawa mali mkiachana. Cha muhimu uthibitishe mchango wako.

Mama Wawili: Kwa risiti? Nani anaweka risiti ya saruji ndani ya ndoa?

Kijana wa Darajani: Wanaume wanaweka 😂

Ustadh Mdogo: Shahidi anatosha pia. Fundi aliyejenga yuhai?

Mama Wawili: Yuhai. Kaka yake huyo mume.